Ukuta wa mandhari ndio ukuta wa upepo: kisa cha dirisha fiksi katika nyumba ya kilimani, Mwanza

Hiki ni kisa cha nyumba moja niliyoisimamia jijini Mwanza, kwenye mteremko wa mawe unaotazama ziwa. Wenye nyumba wameniruhusu kukisimulia mradi wasitambulike, kwa hiyo mtaa, mwaka na shughuli zao nimeviacha. Vipimo na pande za jua ni zile zile. Makosa nayo ni yale yale, na mawili kati yake ni yangu.

Tukubaliane kwanza kuhusu neno. Fiksi, kama wanavyoita mafundi wa alminiamu, ni dirisha ambalo kioo chake kimekazwa kwenye fremu moja kwa moja: halina bawaba, halina komeo, halifunguki asubuhi wala jioni. Watu huliweka kwa ajili ya mwangaza au kwa ajili ya kutazama nje. Hapa kwetu mara nyingi huwa kipande kidogo juu ya slaidi, yaani dirisha la kusukuma pembeni. Kisa hiki kinahusu fiksi kubwa, lile ambalo mtu anaketi mbele yake na kuangalia dunia.

## Usuli

Wenye nyumba ni mume na mke wastaafu. Nitawaita Mzee na Mama, maana ndivyo nilivyokuwa nikiwaita. Walijenga taratibu kwa miaka kadhaa, kama wengi wetu, na nilipoitwa boma lilikuwa limebakiza kozi mbili za tofali kufika usawa wa lenta, ile boriti ya zege inayopita juu ya madirisha. Hilo lilikuwa bahati. Lenta ikishamwagwa, kubadili ukubwa wa dirisha ni kubomoa.

Sebule iko kona ya kaskazini-magharibi ya nyumba. Ukuta wa magharibi una urefu wa mita 6.2 na unatazama ziwa wazi, huko jua linakozama. Ukuta wa kaskazini una mita 4.8 na unatazama ghuba yenye mawe makubwa ya Mwanza na mitumbwi iliyoegeshwa. Mchoro wa awali ulikuwa na slaidi nne za kawaida, mita 1.5 kwa 1.2 kila moja, mbili kila upande. Mchoro wa kila nyumba.

Kisha binti yao, anayeishi nchi ya baridi, akawatumia picha kwenye simu: sebule ambayo ukuta wake mmoja mzima ni kioo, na ng'ambo ya kioo kuna ziwa. Mama akaipenda. Fundi wa alminiamu akaombwa makadirio ya kufanya hivyo hivyo upande wa magharibi: fiksi tatu, kila moja upana mita 1.8 na kimo mita 2.1. Makadirio yalipofika, Mzee naye akaipenda, kwa sababu yake mwenyewe. Kwa kila mita ya mraba, fiksi ilikuwa nafuu kuliko dirisha la kufunguka. Na ni kweli kwamba huwa nafuu: halinunuliwi bawaba, komeo wala nyavu, na kazi ya karakana ni ndogo.

Kwa hiyo nilipofika, Mama alitaka uzuri, Mzee alitaka unafuu, na kwa mara moja walikuwa wamekubaliana. Sikutaka kuwa mtu wa kuja kuwafarakanisha. Ila picha ile ilinikalisha macho usiku. Katika nchi ya baridi jua linaloingia kupitia kioo ni zawadi, wanalitafuta. Sisi hapa tuko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta.

## Kabla ya kioo, kiti

Badala ya kubishana kwa karatasi, niliomba tukutane kwenye boma saa 10 na nusu jioni. Ilikuwa Agosti, kiangazi, anga safi. Nilibeba kiti cha plastiki, nikakiweka ndani ya sebule isiyo na paa mahali ambapo kochi lingekaa, mita 2 kutoka ukuta wa magharibi. Kwa kuwa ukuta ulikuwa tayari umeachwa wazi kwa slaidi mbili, jua liliingia humo bila kizuizi.

"Shikamoo Mama. Karibu ukae, ndiyo sebule yako hii."

"Marahaba, mwanangu. Ziwa si hilo! Unaona?"

Alikaa. Tukazungumza habari za maji, za mafundi, za bei ya saruji. Kama robo saa baadaye aliinua mkono kufunika macho. Kisha akaukunja mtandio ukawa kivuli cha uso. Kisha, akiendelea kuzungumza kana kwamba hakuna kilichotokea, akasimama, akakisogeza kiti kwenye kivuli cha kona na kukigeuza kikatazama kaskazini. Sikusema neno. Mzee ndiye aliyecheka: "Umelikimbia ziwa lako!"

Tulibaki mpaka jua likazama, karibu saa 12 na dakika 50. Nusu saa ya mwisho ilikuwa nzuri kupita kiasi, na Mama alirudi magharibi mwenyewe. Hilo nililiandika pia. Mandhari ya magharibi yana thamani kwa dakika 30 au 40 kwa siku. Saa tatu zinazotangulia unayalipia.

## Hesabu ya jua

Mwanza iko mbali magharibi mwa ukanda wetu wa saa, kwa hiyo jua la utosini huwafikia karibu saa 7 kasorobo mchana, na jioni yao ni ndefu kwa saa zetu za ukutani. Saa 11 jioni mwezi Agosti jua bado liko juu ya upeo kwa nyuzi kama 26. Upenu wa mita 1.2, ambao ni mrefu kwa nyumba ya kawaida, saa hiyo hutupa kivuli cha sentimita 60 tu kwenye ukuta wa magharibi. Kioo cha kimo cha mita 2.1 ukitaka kikae kivulini chote, upenu unatakiwa kuzidi mita 4. Huo tena si upenu, ni banda.

Na joto? Siku ya anga safi, kioo cheupe cha milimita 6 kinachotazama magharibi huruhusu kama wati 500 kupita katika kila mita ya mraba nyakati za jioni. Fiksi tatu za makadirio yale zilikuwa na mita za mraba 11.3. Nilimwambia Mzee hesabu hiyo kwa lugha ya nyumbani: ni kama kuwasha pasi tano za umeme, kuzipanga sebuleni na kuziacha hadi jua lizame. Nyumba haina kiyoyozi na hawakuwa na mpango wa kununua.

Upande wa kaskazini habari ni nyingine. Hapa kwetu jua hukaa kaskazini katikati ya mwaka, lakini linapita juu sana. Hata Juni, linapofika mbali kabisa kaskazini, mchana liko nyuzi 64 juu ya upeo. Upenu ule ule wa mita 1.2 unatupa kivuli cha karibu mita 2.4 kuelekea chini. Dirisha zima linafichika. Mandhari ya ghuba yalikuwa yanatusubiri upande ambao jua halina ugomvi nao, isipokuwa kwa jambo moja ambalo nililisahau na nitalieleza.

## Upepo ulikuwa ukitoka wapi

Joto lingeweza kupunguzwa kwa kioo cha rangi na mapazia mazito. Hewa haina njia ya mkato.

Kando ya ziwa kubwa, mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake inapanda, na upepo unavuta kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo yanageuka. Kila mtu wa Mwanza analijua hili kwa ngozi yake hata kama hajawahi kulisoma. Maana yake kwa mjenzi ni kwamba ukuta unaotazama ziwa ndio ukuta unaopokea upepo wa alasiri, yaani saa zile zile ambazo joto ni kali. Kwa kuwa tulitaka mandhari, tulikuwa tunaelekea kuuziba kwa kioo ukuta pekee ulioweza kutupoza.

Tukahesabu njia za hewa. Slaidi nne za mchoro wa kwanza zilikuwa na mita za mraba 7.2, lakini slaidi hufunguka nusu tu kwa sababu jani moja lazima lijifiche nyuma ya jingine. Hewa ilikuwa inapata mita 3.6. Kwa mpango wa fiksi tatu, upande wa magharibi ungepata sifuri.

Hapo nikawaambia neno ambalo tangu siku hiyo nimekuwa nikilirudia kwa kila mteja: anayenunua dirisha lisilofunguka anatakiwa anunue na jingine la kumpumulia, papo hapo, ukuta ule ule. Bei ya fiksi peke yake ni nusu ya bei. Mzee hakulipenda. Alikuwa amekwisha kuitia akiba ile mfukoni.

## Tulichoamua

Kaskazini: fiksi moja kubwa, upana mita 2.4, kimo mita 1.8, kizingiti kikiwa sentimita 45 kutoka sakafuni ili mtu aliyeketi aone maji na si mbingu peke yake. Kila upande wake dirisha la bawaba la sentimita 60, linalofunguka lote kwa nje kama mlango. Jumla upana wa mita 3.6. Lenta ya urefu huo si ya kukisia. Tulimwita mhandisi, akaongeza kina na nondo, na akasisitiza tuache nafasi juu ya fremu ili lenta ikilegea kidogo isiukalie mgongo wa kioo.

Magharibi: fiksi moja nyembamba ya sentimita 90 kwa mita 1.5, kioo cha rangi ya shaba, katikati ya madirisha mawili ya bawaba yenye kioo hicho hicho. Hiyo ni kwa ajili ya zile dakika 40 za Mama. Pasi tano zikashuka kuwa moja na kidogo.

Hewa inayoweza kupita kwenye madirisha manne ya bawaba ni karibu mita za mraba 4, yaani zaidi kidogo ya slaidi zote za awali, ingawa sasa tuna kioo kikubwa mara kadhaa cha kutazamia. Tukaongeza matundu ya hewa juu ya mlango wa jikoni, kwa sababu upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea.

Kisha likaja suala la grili, na hilo lilichukua jioni mbili. Mzee hakuweza kuwazia dirisha lisilo na nondo. "Nyumba bila grili ni kumwandikia mwizi barua ya mwaliko," alisema. Mama alisema kama ni kuangalia ziwa kupitia nondo, afadhali abaki na slaidi zake. Wote wawili walikuwa na haki.

Kilichotuokoa ni aina ya kioo. Fundi alipendekeza cha kawaida cha milimita 6, nami nilikikataa kabla hata ya habari ya mwizi: kizingiti kiko chini, wajukuu wanakuja likizo, na kioo cha kawaida kikivunjika hutoa mapande marefu kama visu. Kanuni za ujenzi za Uingereza huhesabu kioo cha ukutani kilicho chini ya milimita 800 kutoka sakafuni kuwa mahali pa hatari, panapotaka kioo cha usalama. Sisi tulikuwa milimita 450. Yalibaki machaguo mawili. Kioo cha tempa ni kigumu mara nne au tano kuliko cha kawaida na kikivunjika kinamwagika vipande vidogo butu, lakini kikishamwagika dirisha liko wazi, na mwizi hahitaji zaidi ya hapo. Kioo cha utando ni vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari: kinapasuka lakini hakianguki, na kukitoboa kunataka muda na kelele. Tukachukua cha utando, milimita 5 na 5, kwa fiksi ya kaskazini, bila grili. Madirisha ya bawaba yakapata grili ya ndani yenye tundu la mkono kufikia komeo, na nyavu ya kubandua. Faida ya ziada ni kwamba utando huo huzuia karibu miale yote ya jua inayopausha vitambaa, na Mama ana makochi anayoyapenda kama watoto.

Kwa kioo cha magharibi tulikwenda na tempa, kwa sababu tofauti. Kioo cha rangi hunywa joto. Katikati yake panapopigwa na jua panachemka huku kingo zilizofichwa ndani ya fremu zikibaki baridi, na kioo cha kawaida kinaweza kupasuka kwa mvutano huo peke yake bila kuguswa na mtu. Tempa huvumilia.

Akiba ya Mzee iliisha hapo. Kioo cha utando kilimeza tofauti yote ya bei, na kidogo juu yake.

## Utekelezaji, na meza ya chai

Vioo viliagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, Mzee alikuwa na haraka, nami nikaona niokoe majuma matatu kwa kupima kabla ya lipu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Uwazi wa magharibi ulikuwa milimita 2,100 tofali kwa tofali. Nilifanya nusu ya hesabu kichwani, nikatoa nafasi ya silikoni, ile gundi ya kuzibia kingo, nikasahau kutoa lipu. Lipu ilipopigwa, milimita 15 kila upande, ukabaki 2,070. Madirisha mawili ya bawaba yalikuwa yamekwisha kuundwa, kwa hiyo milimita 30 zote zikatakiwa zitoke kwenye kioo cha katikati. Kingekuwa kioo cha kawaida, fundi angekikata pale pale kwa almasi yake akipiga mluzi. Tempa haikatwi. Kukata, kutoboa na kusugua kingo hufanyika kiwandani kabla ya kuchomwa. Baada ya hapo ukikigusa kwa almasi kinalipuka chote kuwa mchanga. Nikaagiza kingine kwa fedha yangu, na majuma matatu niliyotaka kuyaokoa nikayapoteza yale yale.

Kile cha kwanza kilikuwa na kingo laini na hakikuwa na pa kwenda. Mama akaomba seremala amtengenezee miguu ya mninga. Leo ni meza ya chai.

Kioo cha kaskazini kilikuwa na uzito wa karibu kilo 110, na gari haliwezi kufika mlangoni. Vijana sita walikipandisha kikiwa wima, mikanda chini na vinyonyo vya raba juu, wakipumzika kwenye kila jiwe bapa. Kioo kikubwa hakibebwi kikiwa kimelala. Kinapinda kwa uzito wake mwenyewe. Nilitembea mbele yao nikiondoa kokoto, kazi ambayo haimo kwenye mkataba wa msimamizi yeyote.

Ndani ya fremu tuliweka vitalu viwili vya raba ngumu chini ya kioo, kila kimoja robo ya upana kutoka kwenye kona, yaani sentimita 60. Kioo hakitakiwi kugusa chuma popote. Alminiamu hutanuka zaidi ya mara mbili kuliko kioo: fremu ya mita 3.6 huongezeka karibu milimita 2.6 joto lake likipanda nyuzi 30, na fremu iliyolowa jua hupanda hivyo bila shida. Bila nafasi ya kuchezea, kimoja kitamshinda mwenzake.

Fundi alipofungua silikoni chumba kizima kikanuka siki. Nikamsimamisha. Silikoni hiyo inafaa kwa tangi la samaki, lakini asidi yake hushambulia utando wa kioo kwenye kingo na haishiki vizuri kwenye saruji. Tulingoja ile isiyo na harufu ya siki. Alinung'unika kidogo, kisha akaniambia kuna kazi moja aliyoifanya zamani ambapo kingo za kioo ziligeuka nyeupe kama maziwa na hakujua ni kwa nini.

Mchomeleaji wa grili alikuja siku ambayo sikuwepo na kutumia grainda karibu na kioo. Cheche zimeacha vidoa vidogo vya kutu upande wa chini, havitoki. Hatukuwa tumefunika.

## Matokeo

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja na upepo wa ziwani, na asubuhi yake Mama akanipigia: kuna maji kwenye kizingiti cha ndani. Nilipofika nilikuta mfereji wa chini wa fremu umejaa kama bakuli. Maji hupenya raba za nje za dirisha lolote, hata zuri. Ndiyo maana fremu hutobolewa matundu ya kutolea maji kwa nje. Yetu hayakutobolewa, na mimi nilikagua kila kitu isipokuwa hilo. Kosa langu la pili. Tulitoboa manne ya milimita 8 siku hiyo hiyo, na maji hayajarudi. Tungechelewa mwaka, maji yaliyotuama yangeanza kuula utando kwenye kingo.

Kisha ikaja Juni. Hesabu yangu ya kaskazini ilikuwa ya mchana. Sikuhesabu jioni. Katikati ya mwaka jua huzama nyuzi zaidi ya 23 kaskazini mwa magharibi halisi, kwa hiyo kabla ya kuzama huchungulia kwa upande kwenye ukuta wa kaskazini, chini ya upenu, na upenu hauwezi kulifanya lolote. Haliumi kama la magharibi kwa sababu linakipiga kioo kimshazari, lakini linampata aliyeketi moja kwa moja machoni. Mzee alitaka kubandika filamu nyeusi. Nilimshauri asifanye hivyo: kioo cha utando tulichokiweka hakijachomwa kama tempa, na filamu nyeusi ingekifanya kinywe joto kama kile cha rangi, na hatari ile ile ya kupasuka. Walipanda mwarobaini kwenye kona ya magharibi. Bado ni mdogo. Juni hizi wanavuta pazia.

Wadudu wa ziwani nisiwasahau. Wanapotoka majini kwa mawingu huja kwenye taa, na kioo kikubwa chenye taa nyuma yake kwao ni jua la pili. Asubuhi kioo kinakuwa na pazia la wafu. Madirisha ya bawaba yanaoshwa nje kwa kupitisha mkono. Fiksi haina mkono. Nje ya fiksi ya kaskazini ardhi imeshuka mita 2.3, mawe matupu, hakuna pa kusimika ngazi. Kijana wao hutumia brashi ya mpini mrefu kupitia dirisha la pembeni na hufika theluthi mbili ya kioo.

Kinachofanya kazi kinafanya kazi vizuri sana. Alasiri madirisha manne yakiwa wazi na matundu ya jikoni yakiwa wazi, pazia hulala hewani. Fiksi yenyewe, kwa kuwa haina nyavu wala kiungio, haipitishi vumbi wala mlio wa mvua, na ziwa linaonekana bila mistari. Jioni Mama anahamia magharibi kwa dakika zake 40, kisha anarudi.

## Uchambuzi

Uamuzi uliozaa mengine yote ulikuwa wa kuhama ukuta, na ulitokana na kiti cha plastiki, si na hesabu. Hesabu niliyokuwa nayo ilikuwa sahihi, lakini nina hakika ningeisoma mbele yao ingegeuka ubishi wa fundi na mteja. Mtu aliyeunguzwa na jua la sebule yake kabla sebule haijakuwepo hahitaji kushawishiwa. Ingekuwa vizuri zaidi kama ningerudi na kiti hicho hicho Januari na Juni, au angalau ningelichora jua la Juni kwenye karatasi kwa saa za jioni pia. Nilichagua saa ambayo ingenipa jibu nililokuwa nalo tayari.

Kuhusu bei, makadirio ya fundi hayakuwa ya uongo, yalikuwa yanalinganisha vitu visivyofanana. Fiksi ya kioo cha kawaida, kwenye kizingiti kilicho juu, chini ya lenta fupi, ni nafuu. Ukiishusha karibu na sakafu unahitaji kioo cha usalama. Ukiipanua unahitaji lenta ya mhandisi. Ukiondoa grili unahitaji kioo cha kuzuia mwizi. Na hewa iliyopotea unainunua pembeni. Ningeombwa leo, ningempa mteja bei moja ya ukuta mzima na nisiyataje kabisa madirisha moja moja.

Kosa la lipu lina kinga ndogo na ya bure: upimaji wa mwisho ufanyike baada ya lipu, na anayepima aandike namba tatu za upana, juu, katikati na chini, kisha atumie ndogo. Nilikuwa nalijua hilo miaka yote. Haraka ya mteja ikanipata nikiwa na haraka yangu mwenyewe. Kwa kioo kinachoweza kukatwa ningepata aibu ya nusu saa. Kwa tempa nilipata ya majuma matatu. Ukiagiza tempa, upimaji wako ndio kioo chenyewe.

Usafi hatukuuzungumza hata mara moja, katika vikao vyote vile, na tuliongea grili jioni mbili. Kama tungekumbuka wakati wa msingi, kibaraza cha zege cha sentimita 60 chini ya dirisha kingegharimu siku mbili za kazi. Sasa kinataka nguzo kutoka chini ya jabali. Nimewapelekea mchoro. Mzee anasema mvua itaosha. Mama anamwambia mvua haijawahi kuosha chombo. Mara ya mwisho nilipokwenda tulikunywa chai juu ya kioo changu cha milimita 30 zilizozidi, na jambo hilo lilikuwa halijapata mwamuzi.